Mawe Juu ya Mabati

Vijana wa ofisini mliniandalia soda na keki za kuniaga mwezi uliopita, mkaniambia nisiondoke na kila kitu kichwani. Basi nimekaa chini niandike. Anayetaka kujua nilipanda cheo lini atafute mahali pengine. Vyeo vyenyewe havikuwa vingi, na sijaona paa lililouliza mimi ni nani kabla ya kuvuja. Nitaandika juu ya mabati, upepo na maji, juu ya mtu aliyenifundisha kazi, na juu ya mama mmoja wa Homa Bay ambaye sijaacha kumfikiria tangu miaka ya tisini. Naanza mbali kidogo, kwa sababu huko mbele panauma.

Niliajiriwa Migori mwanzoni mwa miaka hiyo ya tisini, katika ofisi ndogo iliyosimamia nyumba za kupanga kwa niaba ya watu waliokaa mbali. Mwenye ploti akiwa Nairobi au Kisumu, sisi ndio tulikuwa macho yake, na mvua ikinyesha sisi ndio tulitukanwa badala yake. Nilikuwa kijana wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha. Dholuo nilijua maneno ya kununulia samaki tu, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichonilisha miaka yote ile.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe, maana niliambiwa ni kazi ya ofisi. Mzee Ogola, fundi mkuu, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akatikisa kichwa, akanikabidhi ngazi. Alikuwa mtu mfupi wa mabega mapana, muumini wa Sabato asiyekosa kanisa, na ulimi wake ulikata kuliko msumeno wake. Tulikwenda kwenye mstari wa vyumba nyuma ya soko. Juu ya paa kulikuwa na mawe, tairi kuukuu, na nusu ya jiwe la kusagia. Sikushangaa, kwa sababu hata kwetu paa la jikoni tulilikandamiza hivyo hivyo.

"Teremsha hiyo mawe yote," aliniambia.

"Lakini Mzee, si ndiyo inashika mabati?"

"Inashika nini? Wewe wuod Kuria, kijana wa Kuria, upepo haisukumi paa kutoka juu. Inaingia chini, inainua. Sasa ikishainua mabati, hiyo mawe itaenda wapi? Itakuja ndani. Hiyo mawe inangoja tu kichwa ya mtu."

Nilishinda nikiteremsha mawe mpaka shati likawa na rangi ya kutu, huku wapangaji wakitutazama kama wezi. Mmoja alituuliza nani atamrudishia paa lake likienda. Ogola alifungua begi akatoa waya.

Huo waya ndio kazi yenyewe, na ndio sababu kubwa ya kuandika haya. Unatoboa ukuta mistari kadhaa ya matofali chini ya paa, unapitisha waya mnene, unaurudisha juu kuzunguka mbao ya paa, kisha unausokota kwa kipande cha nondo mpaka ulie. Ogola alikuwa akiugonga kwa ukucha na kusikiliza. Kama hakupenda mlio wake, tulifungua tukaanza upya. Paa likifungwa namna hiyo, upepo ukilitaka inabidi uondoke na ukuta pia. Mafundi wengi hupiga misumari miwili kwenye mbao ya juu ya ukuta, wakamwachia Mungu kazi iliyobaki.

Alinifundisha mengine pia, kila moja na tusi lake. Msumari wa bati hupigwa mgongoni, si bondeni ambako maji hupita. Raba chini ya kofia ya msumari inabanwa, haipondwi. Mabati huanza kupangwa upande ambao upepo unaelekea na kumalizikia upande unakotoka, ili upepo usipate ncha ya kuingiza kidole. Na upande wa upepo, usiache bati litokeze nje ya ukuta kwa sababu ya urembo.

Kila mji ulikuwa na adui wake. Migori ulikuwa mto na mvua ya mawe. Vile vyumba vya chini karibu na mto vilijengwa na watu walioliona bonde wakati wa kiangazi. Tulichimba mitaro, tukainua vizingiti, na mto ulipopanda tulibeba magodoro ya wapangaji vichwani. Ndhiwa tatizo lilikuwa udongo mweusi, ambao kiangazi ukipasuka hupasua na nyumba, na mtu anaweza kumsalimia jirani yake kupitia ufa. Ogwedhi tuliitwa kuona ukuta ulioangushwa na mvua, tukakuta mvua haina hatia: siku ya mnada ng'ombe walikuwa wakijikuna pale, wakamaliza kazi kidogo kidogo. Homa Bay adui alikuwa upepo wa kutoka ziwani, na huo hautaki urafiki na mtu.

Huko Homa Bay tulikuwa tukisimamia mstari wa vyumba vinane juu kidogo ya ufuo. Paa lake lilikuwa la mteremko mmoja, limeinuka mbele na kushuka nyuma. Chumba cha kwanza kilikuwa upande wa barabara, cha nane upande wa ziwa. Mwenye ploti alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu mpole, aliyekuwa akituletea ngege kila tukifika na kutulazimisha tule kabla ya kushika nyundo. Akaugua. Aliugua muda mrefu, akakonda mpaka akawa hafai kutazamwa, akafa. Watu wa kwao walisema ni chira, yaani laana inayomla mtu aliyevunja mila. Miaka ile tulizika wengi waliosemekana wamekufa kwa chira. Jina lingine la ugonjwa huo lilijulikana, lakini lilisemwa kwa kunong'ona, na si matangani.

Aliacha mjane. Kwa Kijaluo mama aliyeolewa huitwa kwa jina la kwao alikozaliwa, na huyu alikuwa Nyar Gwassi, binti wa Gwassi. Alikuwa mrefu, mchangamfu, mwenye kicheko kilichofika mpaka barabarani. Boma la mumewe lilikuwa nje ya Ndhiwa, na mdogo wa marehemu, aliyeitwa Omolo, ndiye aliyetakiwa kumrithi yule mama kama desturi inavyosema. Nyar Gwassi akakataa.

Mimi si Mjaluo, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelezwa. Mjane ambaye hajarithiwa, nyumba yake haitengenezwi. Hakuna mwanamume wa kupanda juu ya paa lake, na akipanda, chira itamfuata yeye na watoto wake. Yeye mwenyewe hapandi, maana mwanamke hapandi paani. Na haingii nyumba za watu mpaka hayo yaishe. Paa la nyumba yake kule bomani lilikuwa limeoza mbao na kutoboka kwa kutu. Alikaa chini yake msimu mmoja wa mvua akikinga maji kwa masufuria. Msimu wa pili ulipokaribia alifunga nguo zake, akaja Homa Bay, akaingia chumba cha nane kilichokuwa wazi katika ploti ya mume wake. Alidhani mjini paa ni paa tu.

Tulifika kukagua ile ploti kabla ya mvua za mwisho wa mwaka wa tisini na saba, zile ambazo hata watoto walijua kuziita El Niño. Redioni walikuwa wameshaonya. Omolo, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akishughulikia mali ya kaka yake, alitukuta pale. Alikuwa mtu nadhifu mwenye kofia ya kahawia, na sina budi kusema hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu.

"Fungeni saba," alituambia. "Ya nane muache. Hiyo sasa ni nyumba yake. Anapika hapo, analala hapo. Sitaki mtu akufe kwa ploti yetu."

Nilimweleza kwamba chumba cha nane ndicho kinachoukabili upepo, na kwamba kufunga saba na kuacha hicho ni sawa na kufunga dirisha na kuacha mlango.

"Najua," alisema. "Basi mwambie yeye akubali."

Alipoondoka, Ogola alimwendea Nyar Gwassi, aliyekuwa ameketi nje ya mlango wake akipaa samaki. Nilimfuata. Ogola alichuchumaa mbele yake akavua kofia, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia bosi.

"Nyar Gwassi, kubali tu mtu. Hata kwa jina tu. Omolo si mtu mbaya. Halafu kesho asubuhi mimi napanda hiyo paa."

Aliweka kisu chini, akaangalia kama kuna anayesikiliza.

"Ogola, mimi nilimuuguza huyo mtu. Nilimwosha na hii mikono. Daktari aliniita kando akaniambia alikuwa na nini, na akaniambia na mimi ninayo. Sasa unataka nimpe Omolo? Omolo ana bibi wawili, ana watoto wadogo. Nikubali paa, halafu nizike boma mzima?"

Mimi ndiye niliyesema, kwa ujinga wa ujana, "Si umwambie basi, Mama. Akijua atakuacha."

"Nimwambie, nyathina, mwanangu? Kesho soko yote itajua mume wangu alikufa na nini. Nina wasichana wawili wameolewa kwa watu. Wacha waseme mimi ni mkaidi. Mkaidi ni jina nzuri." Akacheka, kile kicheko chake, lakini hakikufika mbali. "Na mkisema nyinyi, nitajua ni nyinyi."

Tulirudi kwenye vifaa vyetu. Nilimwambia Ogola, "Mzee, mimi ni Mkuria. Hii sheria si yangu. Nipande mimi."

"Ukipanda, watasema wewe ndiye jater wake, wewe ndiye umemrithi. Bibi yako ataambiwa kabla hujashuka ngazi. Na Omolo amekataza. Bosi atakufukuza."

"Na wewe? Wewe unaenda kanisa kila Sabato. Unaogopa chira?"

"Ndugu yangu alikufa," alisema. "Unaweza kuniambia ni ugonjwa. Mimi nilimwona tu akiisha. Nina watoto, Marwa." Ni mara chache sana aliniita kwa jina langu.

Nilikasirika naye siku ile, na sitaki kuwadanganya kwamba hasira imeisha yote. Lakini nilimjua pia. Alikuwa mtu aliyeweza kulala juu ya ukuta wa tope kumwokoa mbuzi wa mpangaji, na bado kulikuwa na mlango mmoja aliouogopa. Kila mtu anao.

Nikatafuta njia ya kuzunguka. Kama shida ni kwamba chumba cha nane ni nyumba ya mjane, basi ahame, hata kwa siku moja. Aingie chumba kingine, mpangaji mwingine aingie cha nane, kiwe chumba cha mpangaji tu, Ogola apande afunge, halafu kila mtu arudi kwake. Ogola alifikiri, akasema hiyo inaweza. Nilijiona nina akili kupita wote.

Nilimwendea Mama Achieng' wa chumba cha saba. Alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Mfangano, na hakuna aliyekuwa karibu na Nyar Gwassi kuliko yeye. Walipaa samaki pamoja, walisukana nywele, mtoto wake mchanga alikuwa akilala mgongoni mwa Nyar Gwassi kuliko mgongoni mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kulia.

"Marwa, mimi nampenda huyo mama kama dada yangu. Lakini akiingia kwangu kulala kabla hajarithiwa, na huyu mtoto bado ananyonya... Siwezi. Niulize kitu ingine yoyote."

Nyar Gwassi alikuwa amesikia. Kuta za ploti hazifichi kitu. Alikuja akamchukua yule mtoto, akamweka begani, akanigeukia.

"Wacha, nyathina. Usimlize mwenzako. Nilihama nyumba moja sababu ya paa. Ya pili sihami."

Mvua zilianza. Bosi akaniita Migori kwa haraka, mto ulikuwa umeingia vyumba vya chini. Nilimweleza habari ya chumba cha nane, naye akasema mambo ya boma za watu haingilii, na kwamba Omolo ndiye mwenye kauli. Niliondoka nikiwa nimeshaamua. Nikimaliza Migori, narudi Homa Bay, napanda lile paa mchana kweupe, afukuze anayetaka kufukuza, na mke wangu nitamweleza mwenyewe. Waya wa kazi hiyo niliukata, nikauweka ndani ya begi langu ili nisije nikaukosa. Siku zote nilizokuwa nikibeba magodoro Migori, ule waya ulikuwa begini.

Yaliyotokea Homa Bay nilisimuliwa na Ogola baadaye, na Mama Achieng' akaniongezea. Ogola alifunga vyumba saba, akamaliza Ijumaa mchana. Alivifunga vizuri sana. Kisha akakusanya vifaa, kwa sababu jua likizama Ijumaa yeye hashiki nyundo, akaenda kwa jamaa zake hapo mjini kujiandaa kwa Sabato.

Nyar Gwassi alibaki akiangalia nyaya mpya zinazong'aa kwenye vyumba vya wenzake. Paani hakuruhusiwa kupanda. Lakini nyuma ya nyumba, pale paa liliposhuka, mtu mrefu aliyesimama juu ya meza anaweza kufikisha mkono kwenye mabati. Akatoa meza yake nje. Mama Achieng' alipomwona, alielewa bila kuambiwa. Alichukua beseni lake la samaki akateremka ufuoni, akarudi na mawe kichwani. Akaenda tena. Alibeba mawe mpaka giza likaingia, mtoto akiwa mgongoni, na Nyar Gwassi aliyapanga moja baada ya jingine kwenye ukingo wa paa. Mama Achieng' aliniambia walikuwa wakicheka. Aliniambia alifurahi kwamba amepata kitu anachoweza kumfanyia.

Upepo ulikuja Jumamosi alasiri, pamoja na mvua. Ogola alikuwa kanisani. Alisema aliusikia ukipiga paa la kanisa, akajua umetoka upande gani, akasimama katikati ya mahubiri akatoka mbio na suti yake. Alipofika, vyumba saba vilikuwa vimesimama, havijapoteza hata msumari. Chumba cha nane kilikuwa hakina kitu juu. Mabati yalikuwa yameanguka kwenye shamba la jirani. Upepo uliingia chini yake, ukayainua, na mawe yakaja ndani, kama alivyoniambia siku ile yangu ya kwanza.

Jiwe moja lilimpata Nyar Gwassi kichwani. Ogola alimtoa mwenyewe. Watu walimsaidia kumbeba hadi hospitali, lakini alikuwa ameshakata roho njiani.

Mimi nilifika Jumatatu. Nilikuta Ogola ameketi kwenye kile kiti ambacho Nyar Gwassi alikuwa akikalia kupaa samaki, bado na suti yake ya Sabato, imekauka na tope. Nilitoa ule waya begini nikaushika tu, kisha nikaurudisha.

"Nilikuwa nimeshika hiyo mbao," alisema. "Ijumaa. Nilimaliza chumba ya saba, nikashika mbao ya nane na huu mkono. Ilikuwa karibu hivi." Akanionyesha kwa vidole. Halafu alilia, na mimi nikalia.

Mngedhani habari inaishia hapo. Haikuishia hapo. Siku mbili baadaye Omolo alikuja ofisini, macho mekundu, kofia mkononi. Mama wa Kijaluo akifa, maiti yake inarudi kwenye nyumba yake bomani na kulala chini ya paa lake usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Na paa lake, kama nilivyosema, lilikuwa limeoza.

"Tunataka fundi," alisema. "Haraka. Hawezi kulala nje."

Maneno yalinitoka. "Sasa linaweza kuguswa?"

"Sasa ni marehemu, Marwa. Sasa hakuna neno."

Nilitaka kumtukana. Ogola aliniwahi, akainuka akachukua begi. Alichukua mbao mpya, mabati mapya, na waya wote uliokuwa stoo, hata ule wa kwangu. Tulikwenda Ndhiwa. Siku ile alifanya kazi bila kunitukana hata mara moja, na hilo liliniogopesha kuliko kitu kingine. Aling'oa paa zima. Aliweka mbao mpya, na kila mbao akaifunga mara mbili, ncha zote mbili, na katikati. Alisokota waya, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza, akafungua, akasokota tena. Omolo alikuwa chini ameshika ngazi.

"Fundi," alisema kwa upole, "hii ni ya siku moja tu. Baada ya hapo hakuna mtu atalala hapa."

Ogola alisokota waya mwingine. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Usiku huo mvua ilinyesha kwa nguvu, na Nyar Gwassi alilala pakavu. Waombolezaji walisema nyumba imekuwa nzuri.

Tangu hapo Ogola alibadilika kwa jambo moja tu. Ulimi ulirudi, na Sabato aliendelea kuishika. Lakini kila tulipofika kwenye ploti au boma lenye mjane, yeye ndiye alikuwa wa kwanza juu ya ngazi, bila kuuliza amerithiwa au la. Watu walimwonya. Mkewe alimwonya. Alikuwa akisema kama chira ipo, itamkuta paani. Alizeeka, akastaafu, akafa akiwa mzee mwenye wajukuu, na mimi nikarithi begi lake.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi nyingi ambazo nyinyi mnazijua, na zimeandikwa kwenye mafaili. Niliyoandika hapa hayamo.

Wiki iliyopita, baada ya keki yenu, nilikuwa na safari ya Ndhiwa, nikaamua kupita kwenye lile boma. Omolo sasa ni mzee wa fimbo. Watoto wake wamejenga nyumba za mawe pande zote, na wajukuu walikuwa wakikimbiza kuku. Nyumba ya Nyar Gwassi imekuwa ghala la mahindi. Mabati yake yamegeuka kahawia, lakini mstari wa paa umenyooka. Nilitia mkono nikagusa waya wa Ogola. Haukusogea.

Omolo alifurahi kuniona. Alipiga ukuta kwa fimbo yake.

"Hii paa yenu, Marwa, haijawahi kutusumbua. Upepo imechukua ya kila mtu hapa, hii hapana." Kisha akatikisa kichwa, kwa huzuni ya kweli. "Mimi hujiuliza tu. Kama yule Ogola alijua kufunga namna hii, mbona ile ya Homa Bay hakuifunga?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa akitania. Alikuwa amesahau.

Nilikuwa nimestaafu, hakuna tena bosi wa kunikataza. Wale wasichana wawili wa Nyar Gwassi wameshatangulia, hawana tena jina la kulindiwa. Nikaona yule mama amebeba mzigo wake peke yake muda wa kutosha. Nikamwambia Omolo alichosema yeye mwenyewe siku ile, chumba baada ya chumba. Halafu nikamwambia kwa nini shemeji yake alimkataa.

Aliwaangalia wale wajukuu. Aliingia ndani ya ile nyumba akaketi juu ya gunia la mahindi, akavua kofia, akainua macho juu kwenye mbao.

"Hakuna mtu aliniambia," alisema.

Nilimwambia ni kweli, hakuna aliyemwambia. Nikaketi kando yake, na tukakaa hivyo mpaka mtoto mmoja alipokuja kutuita chai.